Mtandao Hausumbui, Hamjasoma Logi



Leo sina picha wala habari ya mkutano. Nina hasira, na nimeona niiandike kabla haijapoa.

Novemba iliyopita shangazi yangu alitoka Kitandililo kuja Makambako mjini mara tatu. Mara tatu, kwa bodaboda, kwenye vumbi na baadaye kwenye tope, kufuata fedha zake halali katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Fedha zenyewe si nyingi, lakini zilikuwa za mbolea, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshagusa ardhi. Mara ya kwanza binti wa dirishani alimwambia, "Mama, mtandao unasumbua, njoo Alhamisi." Alhamisi akaambiwa, "Mama, bado mtandao." Safari ya tatu akanipigia simu akiwa palepale kwenye benchi: "Mwanangu, wewe si umesoma mambo ya mitandao? Hebu njoo uwaulize huo mtandao wao una ugonjwa gani."

Mimi nimesoma uandishi wa habari. Lakini kwa shangazi, mtu yeyote anayetembea na laptopu amesoma mitandao, na mtu hambishii shangazi yake kwenye simu. Nikaenda.

Nilikaa naye kwenye benchi karibu saa nzima, na kazi yangu ikanisaidia kuona jambo ambalo waliochoka hawalioni. Baba mmoja mbele yetu alihudumiwa vizuri, akahesabu noti zake, akaondoka. Mama aliyemfuata akaambiwa mtandao unasumbua. Kijana aliyemfuata yule mama akahudumiwa. Dirisha lilelile, kompyuta ileile, ndani ya dakika kumi. Ndugu zangu, huu ni mtandao gani unaochagua watu?

Zamu yetu ilipofika nikasimama pembeni ya shangazi na macho yangu kwenye kioo. Binti akaandika jina, akabofya, kikatokea kisanduku chenye maandishi mekundu. Kabla sijasoma neno la pili, kidole chake kilikuwa kimeshakifunga. Nikamwuliza, "Dada, samahani, kilikuwa kimeandikwa nini pale?" Akanijibu bila ubaya wowote, "Ni makosa tu ya mfumo, kaka. Huwa yanatokea."

Akaitwa kijana wa TEHAMA. Alikuja na sura ya mtu anayejua anachofanya. Akazima ruta, akaiwasha. Akazima kompyuta, akaiwasha. Tukajaribu tena, kisanduku kilekile. Akasema tusubiri mtandao utulie. Hapo nikamwuliza swali ambalo sikutegemea lingemshangaza mtu mwenye cheti chake: "Umeangalia logi?"

Aliniangalia kama nimemwuliza mshahara wake. Akasema logi ni mambo ya makao makuu. Nikamwuliza kama programu ile imewekwa kwenye mashine iliyo chini ya meza ile. Akasema ndiyo. Basi na logi yake itakuwa humohumo. Tulibishana kidogo, kwa adabu, na nadhani alifungua folda ile ili tu aniondoe. Faili lilikuwepo. Halikuwa limefungwa kwa neno la siri, halikuhitaji kibali, lilikuwa faili la maandishi matupu ambalo hata Notepad inalifungua. Lilikuwa limejaa mistari tangu mwanzoni mwa Oktoba.

Alifunika nusu ya kioo kwa mkono, na alifanya vizuri, nitalirudia hilo. Lakini nilichoruhusiwa kuona kilitosha. Mstari baada ya mstari ulisema jambo moja: namba ya kitambulisho haikupatikana. Na kila namba iliyokataliwa iliishia na sifuri tano. Zote. Mnajua namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kuna uwezekano gani wa wakulima wote hao kuzaliwa na namba zinazoishia na sifuri tano?

Waliowahi kufanya kazi na Excel wameshacheka. Excel ikipewa namba ndefu hutunza tarakimu 15 tu za mwanzo, zinazobaki inazigeuza sifuri, na haimwambii mtu. Orodha ya wanufaika ilikuwa imechapwa kwenye Excel, kisha ikapakiwa kwenye mfumo. Aliyechapa namba pamoja na vistari vyake kama zilivyo kwenye kadi, Excel iliziona ni maandishi, ikaziacha salama. Aliyechapa bila vistari, namba zikakatwa mkia. Ndiyo sababu baba wa kwanza alilipwa na shangazi hakulipwa. Mtandao haukuhusika hata kidogo. Mtandao ulikuwa mzima kuliko sisi sote mle ndani.

Tulitumia chini ya robo saa kujua. Shangazi alitumia wiki tatu.

Sasa naomba niseme nilichokuja kusema. "Mtandao unasumbua" imekuwa sentensi ya taifa. Inasemwa benki, inasemwa hospitali, inasemwa chuoni siku ya kusajili kozi, inasemwa kituo cha mafuta. Haina mwenye kosa, haina tarehe ya mwisho, na mwananchi hawezi kuipinga kwa sababu hajui mtandao unakaa wapi. Zamani mtu alifukuzwa dirishani kwa kuambiwa bosi hayupo. Bosi angalau alionekana akirudi. Mimi nasema mara nyingi sana sentensi hiyo ni uongo, na mwenye kuisema wala hajui kwamba anadanganya, kwa sababu hajasoma pale ukweli ulipoandikwa.

Maana umeandikwa! Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nenda ofisi yoyote ya Tanzania, mlinzi getini atakuletea daftari: jina, unatoka wapi, unamwona nani, saa ngapi. Hakuna anayelipenda daftari lile, lakini siku kitu kikipotea ndilo la kwanza kuulizwa. Programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa akili nayo ina daftari lake. Kila inapojikwaa inaandika: saa fulani, sehemu fulani, mstari fulani, nilitegemea hiki nikapewa kile. Hiyo ndiyo logi. Mabaharia wetu wa pwani wana neno lake la siku nyingi, batli, daftari ambalo nahodha anaandika mwendo wa chombo na yaliyokipata. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba jambo lenyewe ni la kigeni. Manahodha wa majahazi walijua thamani ya batli kabla babu wa Bill Gates hajazaliwa.

Lakini sisi vijana tuliosoma, tunafanya nini? Tunapiga Windows. Kompyuta ikiwa nzito, piga Windows. Printa ikikataa, piga Windows. Programu ikijifunga, piga Windows. Miaka michache nyuma, wakati najifunza kujitengenezea tovuti, niliweka XAMPP kwenye laptopu yangu, nikaandika kurasa zangu za PHP usiku kucha, na asubuhi nilipofungua kivinjari nikaona ukurasa mweupe. Mweupe kabisa, hauna hata nukta. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Hakuuliza kitu. Alipiga Windows, akachukua elfu ishirini yangu, na picha za miaka miwili za kazi yangu zikaenda na maji. Nikaweka XAMPP upya, nikarudisha kurasa zangu kutoka kwenye flashi. Ukurasa ukawa mweupe vilevile.

Rafiki yangu mmoja wa chuo ndiye aliyeniambia kwa simu: fungua folda ya xampp, ingia apache, ingia logs, fungua error.log, nenda mstari wa mwisho kabisa. Nikaenda. Ulisema nimesahau nukta-mkato kwenye mstari wa 42. Nukta-mkato moja! Nilikaa nikaitazama kwa muda. Ilikuwa imeandikwa pale tangu usiku wa kwanza, na saa yake na dakika yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuudhi. Ninajua kwamba dirisha dogo la XAMPP lenyewe lina kitufe cha Logs pembeni ya Apache na MySQL, na nimeshaona watu waliokitazama miaka mitatu bila kukibofya. Ninajua kwamba kwenye Linux nyingi logi zinakaa chini ya /var/log, na kwamba amri ya tail -f inakuonyesha mistari ikiandikwa mbele ya macho yako wakati unajaribu kosa lako upya, kitu kizuri kuliko sinema. Anayetengeneza tovuti kwa Laravel atazikuta kwenye storage/logs. Wa WordPress awashe WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kwenye wp-config.php, kisha atazame debug.log ndani ya wp-content. Anayeandika programu za simu kwa Android Studio ana Logcat chini ya pua yake. Hata Windows yenyewe, hiyo mnayoipiga kila wiki, ina Event Viewer inayokuambia kilichoiangusha. Siandiki haya kujionyesha. Nayaandika kwa sababu nimekutana na wahitimu wa TEHAMA, wenye shahada, ambao wanaweza kuchora mchoro wa mfumo mzima ubaoni lakini hawajawahi kufungua faili hata moja kati ya haya. Vyuo vinawafundisha kuandika programu inayokubali. Programu inapokataa, wanaachiwa Mungu.

Na kuna dhambi kubwa zaidi, ya wale wanaoandika programu zenyewe. Lugha nyingi za programu zina namna ya kulidaka kosa kabla halijaiangusha programu nzima. Ni kitu kizuri. Lakini mwandishi mvivu analidaka kosa halafu analimeza: haliandiki kwenye logi, hamwambii mtu, anaweka tu ujumbe mmoja kwa makosa yote, "Mtandao unasumbua, jaribu tena baadaye". Namba imekosewa? Mtandao. Diski imejaa? Mtandao. Yeye mwenyewe amegawa kwa sifuri? Mtandao. Mfumo wa namna hiyo umefundishwa kudanganya na aliyeutengeneza, na binti wa dirishani anarudia tu alichosomewa.

Mtasema nimekuza mambo, nukta-mkato na mbolea ya shangazi. Haya, tutoke Makambako. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais uliofanyika 8 Agosti. Siku chache kabla ya hukumu mahakama iliamuru tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu seva na logi zake zikaguliwe. Tume haikutii amri hiyo kikamilifu, na majaji wengi, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, wakalihesabu hilo dhidi yake. Miaka mitano baadaye, Septemba 2022, mahakama hiyohiyo ilipewa na upande wa walalamikaji kitu kilichoitwa logi. Ilipochunguzwa, mahakama ikasema nyingine zilikuwa za uchaguzi wa 2017 na nyingine ni za kughushi, ikatupilia mbali. Tazameni hapo. Mara ya kwanza aliyeficha batli aliumia, mara ya pili aliyeleta batli ya uongo aliumia. Na mara zote mbili ilihitajika mtu anayejua kuisoma.

Uingereza ni mbaya zaidi. Kuanzia 1999 Post Office yao ilitumia mfumo wa mahesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vidogo vya posta, na waliosimamia vituo hivyo wakaambiwa wameiba. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kulipa fedha ambazo hazikuwahi kupotea. Na wakati wote huo Fujitsu ilikuwa na orodha ya makosa yanayojulikana ya mfumo, imeandikwa, imepewa namba. Wasimamizi wa vituo walipoishtaki Post Office, yenyewe ilianza kwa kupinga kuitoa orodha hiyo. Ilipopatikana ikawa silaha yao, na Desemba 2019 Jaji Peter Fraser akasema wazi kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu ule. Miaka ishirini! Logi ipo kabatini, na mama wa watu yuko gerezani.

Na hapa nyumbani, mnakumbuka Mei 2021, LUKU ilipogoma siku kadhaa na watu wakalala gizani wakiwa na fedha mkononi? Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza wasimamizi wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Vichwa vya habari vikaenda kwa waliosimamishwa. Sisi waandishi tunapenda sana kichwa cha habari chenye mtu aliyeanguka. Swali la kwanza la mwandishi siku ile lilitakiwa kuwa: logi za mfumo zinasema nini, na lini wananchi watasomewa? Na mimi sikuliuliza, najihesabu humohumo.

Najua jibu la wakubwa. Logi zina siri, haziwezi kuoneshwa kila mtu. Nakubali, na ndiyo maana nilimsifu yule kijana kwa kufunika kioo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya kitambulisho cha mtu si ya kuanikwa. Lakini hakuna aliyeomba logi ibandikwe kwenye mbao za matangazo. Naomba mhusika aisome. Naomba kisanduku chekundu kimpe mteja namba ya kosa lake, kwa karatasi, ili akirudi Alhamisi aulizie kosa namba fulani limefika wapi, na aliyeketi dirishani akose pa kujificha. Na mtu akiandika maneno ya siri ya wateja ndani ya logi, huyo asimamishwe kazi, nitampigia makofi waziri.

Jibu lingine ni la wenzangu: logi ni Kiingereza kigumu. Ndugu yangu, kwa miaka mingi PHP ilikuwa inawatolea watu wa dunia nzima kosa liitwalo Paamayim Nekudotayim. Hicho si Kiingereza, ni Kiebrania, kwa sababu walioandika kiini cha lugha hiyo walikuwa Waisraeli wawili, na maana yake ni nukta pacha zilizorudiwa mara mbili. Mwingereza na Mmarekani walikodoa macho kama wewe. Wakatafuta maana, wakaendelea na kazi. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima yenye menyu za Kiswahili, kwa hiyo lugha yetu haishindwi. Ukitengeneza mfumo wa kutumika Njombe, nani amekukataza kuandika kwenye logi yako "namba ya kitambulisho imekatwa, hakiki faili la Excel"? Yule binti angeisoma siku ya kwanza.

Turudi dirishani. Kijana wa TEHAMA, na namsifu, hakuona aibu baada ya kuelewa. Aliniambia hajawahi kufundishwa. Akapiga simu anakojua, safu ya namba ikabadilishwa kuwa maandishi, namba zikachapwa upya kutoka kwenye fomu. Shangazi alilipwa Jumanne iliyofuata. Alipanda akiwa amechelewa, mahindi yake yalikuwa mafupi kuliko ya jirani hadi Februari, na nikienda Kitandililo ananionyesha mpaka wa shamba kwa kidole bila kusema neno.

Ila nilihesabu ile mistari yenye sifuri tano. Ilikuwa 41. Mingine ni ya mtu mmoja aliyerudi mara mbili tatu kama shangazi, lakini wengine ni watu waliofika mara moja, wakaambiwa mtandao, wasionekane tena. Nilimwuliza yule kijana nani atawapigia simu kuwaambia fedha zao zipo. Akasema, "Watakuja wenyewe." Shangazi anawafahamu wawili, ameshawapelekea salamu. Jumatatu narudi pale ofisini kuulizia waliobaki.